Mikwaruzo kwenye negativu za filamu: namna ya kuipunguza isionekane kwenye picha

Mhifadhi_Picha ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nina negativu nyingi za milimita 35, sehemu kubwa zikiwa za nyeusi na nyeupe na chache za rangi, ambazo kwa miaka mingi zilikaa zimeviringishwa pamoja bila kitu cha kuzitenganisha. Nimeanza kuzitoa picha upya, baadhi kwa mashine ya kukuzia ndani ya chumba cha giza na nyingine kwa skana, na karibu kila ukanda una mikwaruzo. Mingine ni mistari mirefu iliyonyooka, inayofuata urefu wa filamu kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Mingine ni mifupi na imepita huku na kule bila mpangilio. Kinachonitatiza ni kwamba kwenye karatasi baadhi ya mistari hutokea myeupe na mingine myeusi, ingawa nikiitazama negativu yenyewe kwa kioo cha kukuzia naiona yote kuwa ya namna moja.

Naomba kufahamishwa, kwanza, tofauti hiyo ya weupe na weusi inatokana na nini, na kama inaonyesha lolote kuhusu njia ya kuishughulikia. Pili, nimewahi kusikia kwamba mafuta kidogo yakipakwa juu ya mkwaruzo huufanya upotee. Je, ni kweli, na je, filamu haidhuriki? Tatu, skana yangu ina uwezo wa kuondoa vumbi na mikwaruzo kwa mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho), na uwezo huo hufanya kazi nzuri sana kwenye filamu za rangi, lakini nikiutumia kwenye nyeusi na nyeupe picha inavurugika kabisa. Je, kuna mpangilio unaopaswa kubadilishwa?

Negativu hizi hazina nakala nyingine popote, kwa hiyo ningependa kwenda polepole kuliko kufanya jambo lisiloweza kutenguliwa.

---

Chumba_cha_Giza amejibu:

Ndugu Mhifadhi, swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine yote, kwa hiyo nitalichukua hilo kwa kirefu na kuwaachia wenzangu yaliyobaki.

Filamu ina pande mbili zisizofanana. Upande mmoja ni plastiki inayoibeba picha, ambayo katika filamu nyingi za milimita 35 ni asetati yenye unene unaokaribia milimita 0.13. Upande wa pili ni tabaka jembamba la jelatini, na humo ndimo picha ilimo, ikiwa imejengwa kwa chembe za madini ya fedha katika filamu ya nyeusi na nyeupe, au kwa rangi katika filamu ya rangi. Mkwaruzo ulio upande wa plastiki haujaondoa sehemu yoyote ya picha. Umechimba mfereji mdogo wenye kuta zilizoinama, na mwanga unaopita kwenye kuta hizo hupinda ukaelekea pembeni badala ya kuingia kwenye lenzi. Sehemu hiyo ya karatasi hukosa mwanga, na karatasi iliyokosa mwanga hubaki nyeupe. Mkwaruzo ulioikwangua jelatini hadi kwenye picha hufanya kinyume chake: umeondoa madini ya fedha yaliyokuwa yakizuia mwanga, mwanga unapita kwa wingi, na karatasi inakuwa nyeusi.

Hata hivyo usitegemee rangi ya mstari peke yake, kwa sababu mkwaruzo hafifu wa jelatini, ambao umegusa uso tu bila kuzifikia chembe, nao huupindisha mwanga na kutokea mweupe. Ishike filamu chini ya taa moja na uiinamishe kidogo kidogo. Upande wa plastiki hung'aa kama kioo, upande wa jelatini una mng'ao uliofifia, na mkwaruzo humeremeta zaidi ukiutazama kutoka upande ulipo. Kama unashindwa kuzitambua pande, tazama namba na maandishi ya ukingoni: yakisomeka sawasawa, basi upande uliokuelekea ni wa plastiki.

Sasa kuhusu mistari myeupe, kuna jambo linaloweza kufanyika bila kuigusa filamu hata kidogo, nalo ni kubadilisha aina ya mwanga. Mashine za kukuzia zenye kondensa, yaani zile lenzi kubwa zilizo juu ya kishikio cha negativu, hupeleka mwanga ulionyooka kutoka upande mmoja. Mwanga wa namna hiyo ukikutana na ukuta wa mkwaruzo hupotea wote kuelekea pembeni, na mkwaruzo huchapwa waziwazi. Ukitumia kichwa chenye mwanga uliotawanywa, ambao hupita kwanza kwenye kisanduku cheupe au kioo cha maziwa, miale huifikia filamu kutoka kila pembe. Hivyo ile inayopotea kwa kupinda hufidiwa na mingine inayopinda na kuingia kwenye lenzi. Mikwaruzo midogo ya plastiki hufifia sana, na vumbi pia.

Utalipia kitu kidogo. Chembe za madini ya fedha nazo hutawanya mwanga, jambo ambalo André Callier alilieleza mwaka 1909 na ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake, na kwa sababu hiyo negativu ileile ya nyeusi na nyeupe huonekana imepoa, yaani tofauti ya weusi na weupe hupungua, unapotoka kwenye kondensa kwenda kwenye mwanga uliotawanywa. Karatasi iliyo ngazi moja juu kwa ukali kwa kawaida hutosha kuirudisha. Filamu ya rangi haisumbuliwi sana na jambo hili kwa kuwa picha yake si ya chembe za madini.

Kwa upande wangu, ningeshauri uanze hapa kabla ya kufikiria kupaka kitu chochote. Watu wengi hukimbilia mafuta ilhali kichwa kingine cha mashine, au hata kioo cha maziwa kilichowekwa chini ya kondensa, kingemaliza nusu ya kazi.

---

Nuru_na_Kivuli amejibu:

Nakubaliana na aliyotangulia kuyasema Ndugu Chumba_cha_Giza, ila naona ameyapunguza mno manufaa ya kujaza mkwaruzo. Kwa mistari mirefu na yenye kina, mwanga uliotawanywa peke yake hautoshi.

Mambo huenda hivi. Mwanga hupinda unapotoka kwenye kitu kimoja na kuingia kwenye kingine ikiwa vitu hivyo vinatofautiana katika uwezo wa kuupinda. Uwezo huo una namba yake: hewa ni 1.00, maji ni 1.33, gliserini ni takriban 1.47, na asetati ya filamu ni takriban 1.48. Mkwaruzo uliojaa hewa unaonekana kwa sababu tofauti kati ya 1.00 na 1.48 ni kubwa. Ukiujaza kwa kitu chenye namba iliyo karibu na ya asetati, mwanga unapita humo kana kwamba plastiki haijawahi kukwaruzwa, na maji hayafai sana kwa kazi hiyo kwa sababu namba yake bado iko mbali. Kwa hiyo uliyoyasikia kuhusu mafuta ni kweli. Wachapaji wa zamani walikuwa wakipitisha kidole ubavuni mwa pua na kuyahamishia mafuta hayo kwenye mkwaruzo, na picha ilitoka safi. Mimi nisingelifanya hivyo kwa negativu isiyo na nakala, kwa kuwa mafuta ya ngozi huja pamoja na chumvi na uchafu, na yakiachwa hapo miaka na miaka huacha alama.

Badala yake tumia vaselini safi, kiasi kidogo sana, upande wa plastiki pekee. Puliza vumbi kwanza kwa mpira wa kupulizia, kwa sababu chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa itakuongezea mikwaruzo mipya. Paka kwa kufuata urefu wa mstari, kisha futa taratibu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi mpaka uso ubaki bila ukungu. Kilicho ndani ya mfereji kitabaki, na hicho ndicho unachokihitaji. Chapa picha, halafu iondoe vaselini yote kwa kimiminika maalumu cha kusafishia filamu kabla ya kuirudisha negativu mahali pake, maana iliyobaki itakamata vumbi na kulibeba hadi kwenye picha za jirani.

Gliserini huondoka kwa maji, nayo huwafaa wale wanaopenda kuibana filamu kati ya vioo viwili. Lakini iepushe na jelatini, na kumbuka kwamba filamu pana za 120 huwa na jelatini hata upande wa nyuma, iliyowekwa ili filamu isijikunje, kwa hiyo kwa filamu hizo hakuna upande ulio salama kabisa kwa kitu chenye maji. Asetoni usiithubutu kamwe, kwani huiyeyusha asetati.

Maabara kubwa za filamu za sinema zilitumia njia hii kwa upana: filamu ilipitishwa ndani ya kimiminika wakati wa kunakiliwa, na kilichotumiwa sana ni tetrakloroetilini, yenye namba inayokaribia 1.50 na inayokauka yenyewe haraka. Ilifanya kazi vizuri mno. Hata hivyo mvuke wake una sumu, na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka katika kundi la 2A, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa hiyo haina nafasi katika chumba cha nyumbani kisicho na mitambo ya kuvuta hewa.

Mistari myeusi haisaidiwi na mafuta yoyote, kwa sababu mahali hapo picha yenyewe haipo tena na hakuna kimiminika kitakachoirudisha. Kazi ya fundi hapa ni kuugeuza mstari mweusi uwe mweupe. Kwa brashi nyembamba sana, pengo la jelatini hujazwa rangi nyekundu ya kurekebishia negativu, ambayo karatasi ya picha huiona kama kizuizi cha mwanga. Mstari utatokea mweupe au wa kijivu hafifu, na weupe juu ya karatasi ni rahisi kuuficha kuliko weusi. Baada ya hapo picha iliyokauka hurekebishwa kwa brashi na rangi ya kijivu iliyozimuliwa, nukta kwa nukta. Usichore mstari juu ya mstari. Picha ya filamu imejengwa kwa chembe, na jicho hudanganyika pale tu nukta zako zinapofanana na chembe zilizo kando yake. Anza na rangi hafifu kuliko unavyodhani inafaa, iache ikauke, kisha rudia. Kazi hii inadai subira, na ninaipenda sana, kwa kuwa mkono uliozoea unaweza kuufuta mstari uliopita katikati ya anga tupu, pale ambapo kosa dogo huonekana na kila mtu.

---

Fundi_Skana amejibu:

Nitajibu swali la infraredi, kisha nitaongeza neno kuhusu skana.

Hakuna mpangilio wa kubadilisha. Rangi za filamu ya rangi huupitisha mwanga wa infraredi karibu wote, ilhali vumbi na mikwaruzo huuzuia au kuupindisha. Skana hupiga picha ya ziada kwa mwanga huo, picha ambayo haina sura wala mandhari ila kasoro tu, na programu huitumia kama ramani: kila ilipo kasoro, inajaza kwa kukisia kutokana na sehemu za jirani. Wazo hili lilienea kupitia kampuni ya Applied Science Fiction, iliyolipa jina la Digital ICE na baadaye ikanunuliwa na Kodak mwaka 2003. Madini ya fedha, kwa upande wake, huuzuia mwanga wa infraredi kama yanavyouzuia mwanga wa kawaida. Kwa hiyo kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe ramani inaonyesha picha nzima kuwa ni kasoro, na programu inaanza kuyaziba macho, midomo na matawi ya miti. Zima kabisa uwezo huo kwa filamu hizo. Zipo filamu chache za nyeusi na nyeupe zinazosafishwa kwa dawa za filamu ya rangi, Ilford XP2 ikiwa mojawapo, ambazo mwishoni hubaki na rangi bila madini ya fedha. Hizo infraredi inazimudu vizuri.

Kwenye negativu za rangi utakutana pia na mistari yenye rangi. Jelatini yake ina matabaka kadhaa, na la juu ndilo lenye rangi ya njano. Mkwaruzo uliokwangua tabaka hilo peke yake hutoa mstari wa manjano kwenye picha iliyogeuzwa, na ukishuka zaidi rangi ya mstari hubadilika. Infraredi itauona mkwaruzo huo, lakini ukiwa mpana basi makisio ya programu yataonekana.

Kwa nyeusi na nyeupe, kanuni zilizotajwa juu hufanya kazi kwenye skana vilevile. Kama unapiga negativu kwa kamera badala ya skana, tumia ubao wa mwanga uliotawanywa vizuri, na uiinue filamu sentimita chache juu ya ubao ili vumbi na vinyweleo vya ubao wenyewe visiingie kwenye picha. Hifadhi faili la biti 16, usiliguse, na urekebishe kwenye nakala. Zima unoaji wa picha (yaani kuzifanya kingo zionekane kali zaidi) kwenye skana, kwa sababu unoaji huchonga kingo za kila mkwaruzo na kuufanya kuwa mgumu kufutika. Noa mwishoni, baada ya kurekebisha. Mstari mrefu usiufute kwa mvuto mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Gawanya kulingana na kilicho chini yake: kipande cha anga peke yake, kipande cha ukuta peke yake, na panapopita kwenye uso wa mtu fanya kwa brashi ndogo huku ukinakili kutoka upande uleule wa uso wenye mwanga uleule.

Kuhusu vaselini, hapo natofautiana na Ndugu Nuru_na_Kivuli. Negativu isiyo na nakala ningeiskani kwanza ikiwa kavu, kama ilivyo, ili kuwe na kumbukumbu kabla ya mkono wa mtu kupita. Nikiona mkwaruzo haurekebishiki kwenye kompyuta bila kuipoteza sura, ndipo nafikiria kimiminika, tena kile kinachokauka chenyewe kilichotengenezwa kwa ajili ya skana, ambacho hakihitaji kufutwa baadaye. Kila kufuta ni nafasi nyingine ya kukwaruza.

---

Mhifadhi_Picha ameandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimezikagua negativu chini ya taa kama nilivyoelekezwa, na mistari mirefu karibu yote iko upande wa plastiki. Myeusi ni michache, ingawa mmoja umepita juu ya paji la uso katika picha ninayoithamini kuliko zote.

Nina maswali mawili ya nyongeza. Nimewahi kusoma kwamba kuilowesha filamu kwenye maji huifanya jelatini ivimbe na mikwaruzo midogo ijifunge, je, nijaribu? Halafu kuna ukanda mmoja unaotoa harufu ya siki na umejikunja kingo. Je, huo nao niuoshe?

---

Chumba_cha_Giza amejibu:

Ni kweli jelatini huvimba inapolowa, na mkwaruzo hafifu wa uso wake, ule usiofika kwenye chembe, unaweza kulainika na kufifia inapokauka tena. Kwa negativu ya nyeusi na nyeupe iliyo imara, maji safi ya nyuzi joto 20 kwa muda wa kutosha kuilowesha yote, matone machache ya dawa ya kuteremsha maji mwishoni, na kuitundika mahali pasipo na vumbi bila kuikamua kwa vidole wala mpira, ni kazi isiyo na hatari kubwa. Mkwaruzo uliokwisha kung'oa picha hautarudi, na mkwaruzo wa plastiki hautaguswa, hivyo katika hali uliyoieleza sioni kama utapata faida ya kutosha kuzilowesha negativu zako zote. Ichunguze kila moja kwanza kama ina ukungu, maana ukungu huivunja jelatini hadi ikaweza kuyeyuka kwenye maji, na hapo picha yenyewe itaondoka.

Ukanda wenye harufu ya siki usiuloweshe. Harufu hiyo ni asidi inayotoka kwenye asetati inayooza. Plastiki inasinyaa ilhali jelatini haisinyai kwa kiasi hichohicho, na maji yanaweza kuitenganisha kabisa. Utenge na mingine leo hii, kwa kuwa asidi hiyo huchochea kuoza kwa filamu zilizo karibu nayo, kisha uuskani kabla ya kitu kingine chochote. Ukibaki unahitaji kuutunza, uweke mahali pa baridi na pakavu. Baridi hupunguza kasi ya kuoza ila haiirudishi filamu ilivyokuwa. Kama una kanda za zamani sana, soma pia ukingoni. Neno SAFETY linaonyesha plastiki isiyo ya naitreti. Filamu za naitreti, ambazo Kodak iliacha kuzitengeneza mwaka 1951, hushika moto kwa urahisi mno na hazipaswi kukaa karibu na taa yenye joto.

Kuhusu paji la uso, nakubaliana na Fundi_Skana: fanya kwenye faili. Rangi nyekundu juu ya pengo la jelatini inafaa, lakini inafaa kwa mkono uliokwisha kuizoea kwenye negativu zisizo na thamani, nawe una moja tu ya hiyo. Ukitaka picha ya karatasi kutoka chumba cha giza, ichape kama ilivyo na uurekebishe mstari mweusi juu ya karatasi yenyewe: upaushe kwa ncha ya brashi iliyochovywa kwenye ferisianidi ya potasi hafifu, uitie karatasi kwenye dawa ya kugandishia picha, uioshe, na baada ya kukauka ujaze weupe uliobaki nukta kwa nukta kama alivyoeleza Ndugu Nuru_na_Kivuli. Karatasi ikiharibika utachapa nyingine.

Na mara kila ukanda unapomaliza kushughulikiwa, ukate vipande vya picha tano au sita na uvitie kwenye mifuko ya polipropilini au polietilini. Mifuko ya PVC iache. Hutoa kemikali zinazoishambulia picha, na kwa muda hunata kwenye filamu.